Mtoto Amekuwa wa Ngapi? Kuhusu Kupima Uwezekano wa Kupokelewa katika Vyuo Vikuu vya Umma vya Texas

Hotuba kwa wazazi na wanafunzi wanaozungumza Kiswahili, Houston, Agosti 2025

Mheshimiwa mwenyekiti, wachungaji na masheikh mliotuheshimu kwa kufika, wazazi wangu, ndugu zangu, na ninyi vijana ambao kikao hiki kimeitishwa kwa ajili yenu, nawashukuru kwa kunialika. Nimefundisha hisabati katika shule za upili za umma za mji huu kwa miaka kumi na minne, na katika muda wote huo hakuna swali nililoulizwa na wazazi wetu mara nyingi kuliko hili: "Mwalimu, huyu mtoto atapata chuo?" Ameniuliza mama aliyeletwa hapa kutoka kambi ya Nyarugusu, ameniuliza baba wa Uvira anayefanya kazi ya usiku katika bohari, wameniuliza Wakenya na Watanzania waliokuja wenyewe kutafuta maisha. Swali ni la haki kabisa, lakini likiulizwa hivyo halijibiki, na wengi huliuliza mtoto akiwa tayari darasa la 12, wakati sehemu kubwa ya jibu imekwisha kuandikwa.

Lugha yetu yenyewe inaweza kutusaidia kulielewa jambo hili. Tunasema mtoto ameshika nafasi ya tatu. Tunasema chuo kina nafasi elfu tisa. Tunasema mtoto ana nafasi nzuri ya kupokelewa. Neno ni lilelile, mambo ni matatu. Mzazi anayeniuliza habari ya nafasi ya tatu kati ya hizo, yaani uwezekano wa mtoto wake kupokelewa, naweza kumjibu pale tu atakapokuwa amenieleza nafasi ya kwanza, yaani mtoto amekuwa wa ngapi miongoni mwa wenzake, na nikajua ya pili, yaani chuo anachokitaka, katika fani anayoitaka, kina viti vingapi na nani wengine wanavigombea. Asiyejua mambo hayo mawili akikuambia mtoto wako ataingia au hataingia, anabahatisha, hata kama anabahatisha kwa upendo.

Wengi wetu tumelelewa katika nchi ambazo mlango wa chuo kikuu hufunguliwa na mtihani mmoja wa mwisho. Kenya ni KCSE, na mwenye wastani wa C+ kwenda juu ndiye anayeweza kuomba shahada kupitia KUCCPS, taasisi inayowapanga wanafunzi vyuoni. Tanzania ni matokeo ya kidato cha sita. Kongo ni ule mtihani wa taifa tunaouita Examen d'État. Katika mfumo wa namna hiyo mwanafunzi aliyelala miaka mitatu anaweza kuamka mwaka wa mwisho, akakesha na vitabu, akajiokoa. Nimewaona waliojiokoa hivyo, na mimi ni mmoja wao. Ndiyo maana wazazi wetu humwambia mtoto wa darasa la 9, kwa nia njema, kwamba asihangaike sana, atulie kwanza, ajifunze Kiingereza, mambo ya chuo yatakuja. Hapa Texas ushauri huo unaumiza, kwa sababu alama za masomo tangu muhula wa kwanza wa darasa la 9 huingia katika hesabu ya GPA, yaani wastani wa alama, na GPA ndiyo humpanga mwanafunzi kati ya wenzake wote wa mwaka wake katika shule yake. Kwa kawaida, nafasi inayotazamwa na vyuo ni ile iliyofikiwa mwishoni mwa darasa la 11. Mtoto anayeanza kujituma darasa la 12 anaendelea kupata alama, na ni vizuri azipate, lakini mpangilio wenyewe umekwisha kupelekwa.

Kwa nini nafasi ya mtoto shuleni kwake ina uzito mkubwa hivyo hapa kuliko katika majimbo mengine mengi? Mwaka 1996 mahakama ya rufaa ya shirikisho, katika kesi inayojulikana kwa jina la Hopwood, ilivizuia vyuo vya Texas kuzingatia rangi ya mwombaji. Mwaka uliofuata Bunge la jimbo lilipitisha sheria iliyosukumwa mbele na mbunge Irma Rangel wa Kingsville, na Gavana George W. Bush akaitia saini. Ilisema kwamba mwanafunzi anayemaliza katika asilimia 10 bora ya shule yake, iwe shule ya kitajiri ya pembezoni mwa Dallas, iwe shule ndogo ya wakulima wa magharibi, iwe shule iliyo karibu na mpaka wa Meksiko, ana haki ya kupokelewa katika chuo kikuu cha umma cha jimbo. Naipenda sheria hii, na sitaki kulificha hilo. Haimuulizi mtoto wenu mzazi wake alisoma wapi, wala haimlinganishi na mtoto aliyelipiwa walimu wa ziada katika mji mwingine. Humlinganisha na wale walioketi naye chini ya paa moja.

Sheria hiyo imepunguzwa makali kwa chuo kimoja tu, nacho ndicho kinachotajwa zaidi na vijana wetu: University of Texas (UT) cha Austin. Kufikia mwaka 2008, karibu wanafunzi wanane kati ya kila kumi wapya wa Texas waliingia pale kwa njia hiyo, na chuo kikalalamika kwamba hakibakiwi na viti vya kuchagua. Mwaka 2009 Bunge likakiruhusu kutoa kwa haki hiyo asilimia 75 tu ya viti vya wakazi wa jimbo, na tangu hapo chuo hutangaza kila mwaka kiwango chake cha kupokea moja kwa moja. Kwa miaka kadhaa kiwango kilikuwa asilimia 6 bora. Kwa wanaoomba kuanza vuli ya 2026 ni asilimia 5. Texas A&M cha College Station kimebaki na asilimia 10.

Sasa hebu tufanye hesabu, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Shule yenye wanafunzi 500 wa mwaka mmoja, asilimia 5 ni 25. Yenye wanafunzi 120 ni 6. Mwanafunzi aliye wa 40 katika shule ya kwanza ni mwanafunzi mzuri sana, yumo ndani ya asilimia 8, na Texas A&M watampokea bila mjadala; huko Austin hana haki hiyo. Mtoto huyohuyo, kwa alama zilezile, angeweza kuwa wa 15 katika shule nyingine ya ukubwa ule. Basi mzazi asiseme, "Mwanangu ana A tupu, hakuna chuo kitakachomkataa." Aulize kama tulivyokuwa tukiulizwa na baba zetu tulipofunga shule: "Umekuwa wa ngapi?" Na aongeze swali ambalo baba zetu hawakuhitaji kuliuliza: "Kati ya wangapi, na kwa hesabu ipi?"

Hesabu ipi, nasema, kwa sababu A haziwi sawa zote. Kila wilaya ya shule ina kanuni yake, lakini katika nyingi A ya darasa la AP, lile la kiwango cha chuo, au ya somo la chuo linalosomwa mtoto akiwa bado shule ya upili, hupewa uzito kuliko A ya darasa la kawaida. Hapo ndipo watoto wetu wengi wanapoachwa nyuma pasipo kosa lao. Mtoto anafika akiwa na miaka kumi na minne, anazungumza Kiswahili, Kifaransa na Kirundi, ana hesabu nzuri kuliko nusu ya darasa, lakini kwa kuwa Kiingereza chake bado ni kichanga anapangiwa masomo yote ya ngazi ya chini, hisabati ikiwemo. Anapata A. Mzazi anafurahi, mwalimu anafurahi, na nafasi yake inazidi kushuka, kwa sababu wenzake wanapata A nzito. Nawaomba wazazi mwende kwa kaunsela wa shule, na mkalimani mwombe, ni haki yenu, mkaulize ni lini mtoto atahamishiwa darasa la juu katika somo analoliweza. Hisabati haisubiri Kiingereza kikamilike.

Kuna jambo la pili, na hili liliniuma mwenyewe. Miaka michache iliyopita binti mmoja wa jumuiya yetu, ambaye sitamtaja, wala shule yake, alikuwa miongoni mwa kumi wa kwanza. Katika kupanga masomo, mtu alimshauri aliache somo la Aljebra ya Pili kwa kuwa "si la lazima ili kuhitimu". Ni kweli, kuhitimu angehitimu. Lakini sheria inataka anayedai haki ya kupokelewa moja kwa moja awe amefuata mpango wa juu wa kuhitimu, wenye miaka minne ya hisabati pamoja na Aljebra ya Pili, miaka minne ya sayansi, na mkondo mmoja wa ubobezi, au la sivyo awe amefikisha viwango vilivyowekwa katika SAT au ACT, mitihani ya kuombea vyuo vya Marekani. Tuligundua akiwa tayari darasa la 12. Alifanikiwa kulisoma somo lile mwaka uleule, kwa jasho, asubuhi kabla ya vipindi. Lakini si kila mtoto ana bahati ya mtu kuliona karatasi lake kwa wakati. Karatasi hilo, transkripti, yaani orodha ya masomo na alama zake, ni lenu. Liombeni kila mwisho wa mwaka, mlisome mstari kwa mstari.

Tuseme sasa mtoto amekuwa ndani ya kiwango. Je, tumemaliza? Hapana. Sheria humpa haki ya kuingia chuoni. Haimpi haki ya kuingia katika fani. Huko Austin, uhandisi, biashara, uuguzi na sayansi ya kompyuta huchagua wenyewe kati ya wale ambao tayari wana haki ya kuingia, na wapo wanafunzi wa kwanza kabisa wa shule zao waliopokelewa chuoni na kupangiwa fani ambayo hawakuiomba. Texas A&M mwanafunzi wa uhandisi huanza katika uhandisi wa jumla, kisha baada ya mwaka wa kwanza hugombea tawi analolitaka, na mwenye wastani wa 3.75 kati ya 4.0 au zaidi ndiye aliye na uhakika wa kulipata. Kwa hiyo kijana anayesema "nataka Austin" na kijana anayesema "nataka uhandisi wa umeme" wanauliza maswali mawili tofauti, na huenda jibu la yule wa pili likawa katika chuo ambacho yule wa kwanza hajakifikiria kabisa.

Ninajua baadhi yenu mmehama, au mnafikiria kuhama, mpate shule yenye sifa, na wengine mmesikia kinyume chake, kwamba afadhali mtoto apelekwe shule dhaifu ili ashike namba kwa urahisi. Nitasema maoni yangu waziwazi. Kumhamisha mtoto darasa la 11 kwenda shule yenye ushindani mkali, kwa ajili ya jina la shule tu, mara nyingi humgharimu nafasi ambayo hatairudisha. Lakini kumpeleka mahali pasipofundishwa kalkulasi, kisha akafika chuo cha uhandisi akiwa wa kwanza wa shule yake na hajawahi kuiona, ni kumtuma vitani na fimbo.

Nije kwa walio nje ya kiwango, ambao ndio wengi, na ambao huumizwa zaidi na takwimu zinazosomwa vibaya. Mtu hufungua ukurasa wa chuo, akaona kwamba kinapokea, tuseme, waombaji 30 kati ya kila 100, akamwambia mtoto wake, "Una nafasi moja katika tatu." Sikilizeni mfano huu ambao nimeubuni ili hesabu ionekane. Chuo kimeombwa na wakazi 10,000 wa jimbo na kikapokea 3,000. Kati ya hao 3,000, waombaji 2,250 wameingia kwa haki ya sheria. Hawakushindana na mtu. Wamebaki waombaji 7,750 wanaogombea nafasi 750. Hiyo si moja katika tatu, haifiki hata moja katika kumi. Austin yenyewe iliombwa na watu zaidi ya 70,000 kwa vuli ya 2024, kwa darasa la kwanza la takriban wanafunzi 9,000. Asiye na haki ya moja kwa moja anaruhusiwa kuomba, na aombe, lakini asiiweke Austin kuwa tegemeo, na mzazi asimlaumu akikataliwa.

Kwa hao, faili husomwa lote: masomo aliyoyachagua, insha, shughuli zake, hali ya maisha yake, na huko Austin alama za SAT au ACT, ambazo zimerudishwa kuwa lazima kuanzia walioingia vuli ya 2025. Ninyi vijana, mkiandika insha msione haya kueleza maisha yenu yalivyo. Nimesoma rasimu za vijana wetu zilizojaa michezo waliyoicheza mara mbili, ilhali hawakuandika neno kuhusu jioni wanazowalea wadogo zao wakati mama yuko kazini, au siku walizomtafsiria baba hospitalini na benki. Hayo ni majukumu, na msomaji wa faili anayataka. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani wa Juni 2023 rangi yako haihesabiwi popote kama kigezo, lakini hakuna anayekuzuia kueleza ulikopita na kilichokujenga.

Na kuna vyuo vingine, wazazi wangu, jambo ambalo tunalizungumza kwa sauti ya chini kana kwamba ni aibu. University of Houston, kilichopo hapa mjini petu, kimehesabiwa tangu 2011 miongoni mwa vyuo vyenye utafiti wa ngazi ya juu kabisa nchini. Prairie View kilianzishwa mwaka 1876 na kimelea wahandisi na wauguzi Weusi wakati milango mingine ilikuwa imefungwa. Arlington, San Antonio, Denton, San Marcos, kote huko kuna vyuo vya umma, na vingi hutangaza wazi majedwali yao: ukiwa katika robo ya kwanza ya shule yako, au ukiwa chini ya hapo na alama fulani za SAT, unapokelewa. Jedwali la namna hiyo halihitaji mtabiri. Kwa mtoto aliye katika asilimia 20, naweza kuwaambia leo, kabla hajaomba, ni wapi ataingia kwa uhakika, na huo uhakika una thamani kuliko matumaini ya mbali.

Hata Austin ina mlango wa pembeni. Baadhi ya wakazi wa jimbo wanaokosa hupewa nafasi ya kuanza mwaka wa kwanza katika chuo kingine cha mfumo wa UT. Wakikamilisha saa 30 za masomo (krediti) kwa wastani wa 3.2 huhamia Austin, ingawa ni katika baadhi ya fani tu. Chuo cha jamii, yaani kile cha miaka miwili, nacho ni njia halali, mradi mtoto akae na mshauri tangu wiki ya kwanza na kuhakikisha kila somo analolilipia litakubaliwa kule anakotaka kuhamia. Nimeona vijana waliopoteza mwaka mzima kwa kukosa kuuliza hilo.

Limebaki suala la ukazi na fedha, ambalo kwa familia zetu lina uzito uleule wa kupokelewa. Ada ya mkazi wa Texas huko Austin ni chini ya theluthi moja ya ile ya mtu wa jimbo lingine. Mtoto anayetegemea wazazi huhesabiwa mkazi ikiwa mzazi ameishi hapa na kuyafanya makazi yake kwa miezi 12 kabla ya masomo kuanza. Au ikiwa mtoto mwenyewe ameishi hapa miezi 36 kabla ya kuhitimu shule ya upili, na mwaka mmoja kabla ya kujiandikisha chuoni. Wakimbizi waliopokelewa rasmi, waliopewa hifadhi, na wenye kadi ya kijani wanaweza kuthibitisha ukazi kama raia, na wanastahili pia msaada wa serikali ya shirikisho kupitia fomu ya FAFSA. Juni 2025 uamuzi wa mahakama ya shirikisho uliwaondolea ada ya mkazi wale wasio na hadhi halali ya kuishi nchini. Familia iliyo na mashaka juu ya hadhi ya mtoto imwone mwanasheria kabla ya kujaza chochote, isitegemee maneno ya mtaani wala yangu. Na kwa wenye kipato kisichozidi dola 100,000 kwa mwaka, ambao ni wengi wetu katika ukumbi huu, vyuo vyote vya mfumo wa UT kuanzia vuli ya 2025 vinafuta karo ya mkazi wa shahada ya kwanza anayesoma muda wote, akiwa ameomba misaada inayotakiwa. Malazi na chakula havimo, kwa hiyo mtoto wa Houston apime pia gharama ya kulala nyumbani kwao.

Fomu zimefunguliwa tangu Agosti mosi, na Austin na Texas A&M hufunga Desemba mosi. Walimu wenzangu watatu wamekaa kwenye zile meza za nyuma. Wa darasa la 12 waanze na meza ya kushoto wakiwa na transkripti mkononi, tuangalie namba na mpango wa kuhitimu. Wa darasa la 9 na la 10 waje meza ya kati, tuyatazame masomo waliyopangiwa wiki hii, kwa sababu wiki mbili za mwanzo shule bado hukubali kubadilisha. Wazazi wenye swali la ukazi waje kwangu.